Uniti 75 za D1: tunahimizwa tupikie umeme, lakini ukipika unahamishiwa T1. Tupige hesabu

#1 Kilovoti33
Wadau, habari za jioni.

Hoja yangu ni ukomo wa uniti 75 kwa mwezi kwa wateja wa D1, kundi la bei nafuu la majumbani yenye matumizi madogo. Serikali imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na umeme umo ndani yake. Sasa tazameni bei. Kwa amri ya EWURA, mdhibiti wa bei za nishati, iliyoanza Aprili 2016, D1 analipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi ya 75 ndani ya mwezi, na 350 kwa kila inayozidi. T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa 292 tangu uniti ya kwanza. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) 3 na tozo ya EWURA 1, jumla 22. Mfukoni inakuwa 122 kwa D1, 427 kwa zile zinazozidi, na 356.24 kwa T1.

Chukua nyumba ya kawaida. Taa 6 za LED za wati 9, saa 5: uniti 0.27. TV ya wati 60, saa 6: 0.36. Friji dogo: 1.1 kwa siku. Simu na redio: 0.1. Jumla 1.83 kwa siku, karibu 55 kwa mwezi, na hapo sufuria haijabandikwa. Zinabaki 20 za jikoni, yaani theluthi mbili za uniti kwa siku. Akianza kupika kwa umeme kwelikweli anavuka 75, na akizoea kuvuka anahamishiwa T1. Akifika huko bei inapanda karibu mara tatu kwa uniti zote, hadi za taa.

Ukomo huu ulipigiwa hesabu na nani, na kwa matumizi gani?

#2 jiko_la_presha
Naunga mkono swali ila sikubali hesabu ya jikoni, mkuu. Watu wanachanganya jiko la koili na jiko la presha la umeme. Presha ya lita 6 yenye wati 1,000 haili wati 1,000 muda wote. Inachemsha, inajaza presha, halafu inazima na kuwaka kwa vipindi. Maharage nusu kilo ni karibu uniti 0.4 hadi 0.5 mpaka yanaiva. Wali kilo moja ni karibu 0.3. Koili ya wati 1,500 ukiiwekea maharage hayo hayo kwa saa mbili na nusu inakula 3 na zaidi, maana joto jingi linapotea pembeni ya sufuria na mvuke unatoka juu.

Kwa hiyo wali na maharage kwa presha ni 0.8. Kwa T1 ni shilingi 285, na nyumba nyingi mjini mkaa wa mlo huo unazidi hapo. Tatizo ni ugali, chapati na kukaanga. Presha haifanyi hizo, ndipo watu wanarudi kwenye koili na uniti zinakimbia.

#3 MsomaGazeti
Kilovoti33, marekebisho kidogo. Uniti 75 kwa shilingi 100 hazikuanza 2016. Zilianza Januari 2014. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa 50 kwa shilingi 60. Amri ya Aprili 2016 ilichofanya ni kushusha T1 kutoka 298 hadi 292 na kufuta ile gharama ya huduma ya 5,520 kwa mwezi iliyokuwa ikiwaumiza T1. D1 haikuguswa.

Kwa hiyo swali lako tuliulize upya: hesabu ya 75 ni ya 2014, wakati ambao hakuna aliyekuwa anahubiri presha ya umeme. Ilikuwa taa, redio na pasi.

#4 Kilovoti33
Asante MsomaGazeti, nimekosea mwaka. Hoja inazidi kupata nguvu basi.

#5 hesabu_tupu
Ngoja niweke jambo ambalo wengi hawalioni. Watu wanaogopa ile 350 ya D1 kana kwamba ni adhabu. Linganisha gharama bila kodi:

D1 ukitumia uniti 100: 75 × 100 = 7,500, pamoja na 25 × 350 = 8,750. Jumla 16,250.
T1 ukitumia uniti 100: 29,200.

Uniti 200: D1 ni 51,250, T1 ni 58,400.
Uniti 300: D1 ni 86,250, T1 ni 87,600.

Zinakutana kwenye uniti 323. Maana yake mtu wa uniti 250 angebaki D1 angelipa kidogo kuliko T1, hata akiwa anachapwa 350. Bei yenyewe haimzuii mtu kubaki D1. Kinachomzuia ni uamuzi wa ofisi wa kumwondoa kwenye kundi, na ndio maana kila mtu anagombania D1 na ofisi zinachuja.

Sasa angalia aliye pembeni ya mstari. Mwenye uniti 80 akiwa D1 analipa 11,285 pamoja na kodi. Akihamishwa T1, uniti zile zile 80 ni 28,499. Tofauti ya 17,000 kwa sababu ya uniti tano. Mtu wa namna hiyo atazima presha na kuwasha mkaa, na mkakati hautamshawishi.

#6 Bwana_Nyaya
hesabu_tupu leo kaamka na kalkuleta. Nakazia #5.

#7 mpangaji_mbagala
Swali la kitaalamu: wanahesabu uniti 75 kwa kutazama nini? Uniti nilizotumia au nilizonunua?

#8 Bwana_Nyaya
Ulizonunua. Mita nyingi za LUKU, hizi za kulipia kabla, hazirudishi taarifa ofisini. Mfumo unajua tokeni zilizotoka tu, na kaunta ya 75 inaanza upya kila tarehe 1 ya mwezi wa kalenda. Ndiyo maana:

Ukiwa D1 ukinunua ya 20,000 kwa mkupuo, 9,150 ya kwanza inakupa 75, na 10,850 iliyobaki inagawanywa kwa 427, unapata 25.4. Jumla 100.4. Mwenzako akinunua ya 9,150 mwezi huu na 9,150 tarehe 1 ya mwezi ujao anapata 150 kwa 18,300. Usinunue akiba ya miezi miwili kwa wakati mmoja ukiwa D1.

Kosa la pili: kuna wanaotumia uniti 45 lakini kila mwezi wananunua 75 kamili ili kuweka akiba kwenye mita. Kwenye rekodi wewe ni mtu wa uniti 75, upo ukingoni. Siku ukiongeza ya 3,000 kwa sababu ya wageni, umevuka.

#9 mpangaji_mbagala
Na anahamishwa baada ya miezi mingapi ya kuvuka? Mmoja?

#10 Bwana_Nyaya
Inatazamwa kwa wastani, siyo mwezi mmoja. Miezi mitatu mfululizo.

#11 Mama_Umeme_Iringa
Hapana Bwana_Nyaya, hilo la mitatu usiliweke kama sheria. Amri ya bei inaeleza D1 kwa wastani wa matumizi ya uniti 75 kwa mwezi. Wastani wa kipindi gani ni utaratibu wa utekelezaji, na hapo ndipo wateja wanapata majibu tofauti: huyu anaambiwa miezi mitatu, yule anaambiwa mwaka. Ukienda dirishani omba wakuoneshe kwenye skrini manunuzi yako ya miezi 12 na uwaulize wanatumia kipindi kipi. Chukua na namba ya mita na kitambulisho, andika barua ya maombi ya kubadilishiwa kundi, bakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukikwama hapo unapeleka malalamiko EWURA na nakala hiyo hiyo. Wasiokuwa na nakala hurudi mwanzo.

Jambo jingine, D1 ni ya majumbani. Mita inayohudumia saluni, duka la vinywaji au mashine ya kuchomelea haina haki ya D1 hata ikinunua uniti 40.

#12 Bwana_Nyaya
Nimekubali marekebisho dada.

#13 Stima_Kisumu
Salamu kutoka Kenya. Mnalalamikia 75? Huku EPRA, mdhibiti wetu wa nishati, mwaka 2023 ilishusha kiwango cha chini kabisa cha majumbani kutoka uniti 100 hadi 30. Kundi la kwanza ni hadi 30, la pili hadi 100, halafu juu ya 100. Na kundi lako linaamuliwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Labda hiyo mitatu ya Bwana_Nyaya imevuka mpaka Namanga.

Tofauti kubwa ni kwamba bei yetu haikai. Juu ya bei ya msingi kuna gharama ya mafuta ya mitambo, marekebisho ya fedha za kigeni na mfumuko wa bei, tozo ya maji, tozo ya EPRA, asilimia 5 ya umeme vijijini, halafu VAT asilimia 16. Zile za mafuta na fedha za kigeni zinachapishwa kila mwezi. Tokeni za shilingi 500 mwezi huu na mwezi ujao hazitoi uniti sawa hata kama hujabadilisha chochote. Mvua ikikosekana na mitambo ya dizeli ikawashwa, unaiona kwenye risiti kabla ya kusikia kwenye taarifa ya habari.

#14 MsomaGazeti
Stima_Kisumu ametugusia jambo kubwa. Tanzania Bara bei ya msingi iliyoanza Aprili 2016 ilidumu miaka mingi, na sababu ni ya kihistoria. Mwishoni mwa 2016 TANESCO, shirika la umeme, iliomba kupandisha kwa asilimia 18.19. EWURA ikafanya taftishi, yaani uchunguzi wa maombi, ikaidhinisha 8.5 ianze 1 Januari 2017. Waziri akaisitisha, na siku hiyo hiyo ya mwaka mpya Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa shirika. Baada ya hapo nani angethubutu kupeleka maombi mapya?

Kwa maoni yangu hiki ndicho chanzo cha D1 kuganda. Ukomo wa 75 hauwezi kurekebishwa peke yake. Unarekebishwa ndani ya maombi ya bei, na maombi ya bei yamekuwa moto wa kisiasa. Mfumo wenyewe upo kwenye sheria: shirika linaomba, EWURA inachambua gharama, Baraza la Ushauri la Watumiaji linasema yake, mkutano wa wazi unafanyika, amri inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali, na asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani. Mlango wa kuingilia ndio umefungwa.

#15 bwawa_rufiji
Jamani mnazunguka. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Maji hayanunuliwi. Kwa nini uniti isiwe 100 kwa wote? Hizo D1 na T1 zifutwe kabisa.

#16 Mama_Umeme_Iringa
Maji ni bure, bwawa siyo bure, na nyaya siyo bure. Uniti inayofika kwako ina sehemu nne: kuizalisha, kuisafirisha kwenye msongo mkubwa, kuisambaza mtaani, na inayopotea njiani. Bwawa linagusa ile ya kwanza tu. Kutoka Rufiji umeme unakwenda Chalinze kwa kilovoti 400 ndipo ugawanyike. Transfoma ya mtaani kwako yenye kVA 100 iliyolemewa jioni haijui kama umeme umetoka Rufiji au Kinyerezi. Mtaa wote ukiwasha koili saa moja jioni, voltiji inashuka hadi 180, presha zinachelewa kuiva, na fyuzi za transfoma zinakatika.

Hapo ndipo mimi natofautiana na wengi humu. Ukiongeza ukomo wa D1 hadi 150 bila kubadili transfoma, utapata umeme wa bei nafuu usiofika jikoni.

#17 hesabu_tupu
Hilo la jioni ni kweli. Lakini presha tano za wati 1,000 zinazowaka kwa vipindi zinalemea kidogo kuliko koili tatu za wati 2,000. Kwa hiyo bei ingeweza kufungamanishwa na saa: nafuu kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi na mchana, ghali jioni. Shida ni kwamba mita za LUKU za sasa zinabeba uniti, hazibebi saa. Tokeni ni tarakimu 20 zinazosema "ongeza uniti kadhaa" basi. Bei inaamuliwa pale unaponunua.

#18 fundi_mita
Tena kuhusu tokeni, kwa wanaouliza bado: yale maboresho ya 2024 ambapo ulipewa tokeni tatu mfululizo hayakuwa na uhusiano na bei. Mita hizi zinahesabu dakika tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa 24 Novemba 2024. Mbili za kwanza zilibadilisha ufunguo wa mita, ya tatu ndiyo uniti. Aliyeingiza ya tatu kwanza ilikataliwa. Kama mita ipo kwenye nyumba iliyofungwa miaka miwili na haikuwahi kuingizwa, mwambie mteja arudi ofisini apewe zile mbili tena, siyo mita imekufa.

#19 tajiri_wa_magomeni
Nyie mnaongelea 356. Mimi nanunua ya 10,000 nilitarajia 28.1, nimepata 23.9. Huyu ni nani anayeniibia?

#20 Kilovoti33
Hakuna aliyekuibia. 10,000 kugawa kwa 356.24 ni 28.07. Ukitoa 1,500 ya kodi ya jengo inabaki 8,500, ambayo ni 23.86. Kodi hiyo iliingizwa kwenye LUKU 2021 kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500 kwa sheria ya fedha ya 2023. Ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Inakatwa ununuzi wa kwanza wa mwezi. Usiponunua miezi miwili, ununuzi wa mwezi wa tatu unabeba 4,500.

#21 mpangaji_mbagala
Na mpangaji anailipa kwa haki gani?

#22 MsomaGazeti
Kisheria mzigo ni wa mwenye nyumba. Weka risiti, mkatane kwenye pango. Nyumba moja yenye mita nne isikatwe mara nne: mwenye nyumba apeleke namba za mita zote TRA ili ibaki mita moja inayolipa. Ila tumetoka nje ya uzi sasa.

#23 fundi_mita
Kabla hatujarudi, kwa walio ukingoni mwa 75: hakikisheni kwanza uniti zinaliwa na nyinyi. Kwenye mita kuna taa nyekundu inayopepesa na maandishi kama 1000 imp/kWh. Gawa 3,600 kwa sekunde kati ya mpepeso na mpepeso, unapata wati. Ukikuta sekunde 36, ni wati 100. Kama imeandikwa 1600, tumia 2,250 badala ya 3,600.

Zima saketi breka zote. Taa ikiendelea kupepesa kuna waya umechukuliwa kati ya mita na breka. Ikitulia, washa breka moja moja. Ukifika kwenye soketi za nje na taa ikaanza wakati hakuna kilichochomekwa, kuna mvujo wa umeme kwenda ardhini, mara nyingi waya wa bustanini au wa pampu uliochubuka.

Kosa jingine kwenye nyumba za wapangaji: fundi anaunganisha nyutro za mita mbili kwenye baa moja. Mita nyingi za sasa zinapima laini na nyutro, na zikitofautiana zinahesabu iliyo kubwa, nyingine zinajifunga kabisa. Mpangaji wa chumba kimoja anabeba nyutro ya friji la jirani, anavuka 75, anahamishwa T1. Hapo hata barua ya #11 haisaidii mpaka nyutro zitenganishwe.

#24 jiko_la_presha
#23 ingefaa iwekwe juu kabisa ya jukwaa.

#25 mashine_ya_kusaga
Nyote mnatetea majumbani. Tuliopo T1 wenye viwanda vidogo ndio tunaobeba ile 100 ya D1. Uniti inayouzwa kwa 100, chini ya gharama yake, lazima mtu aifidie, na anayefidia ni T1. Mkitaka D1 iwe 150, niambieni T1 itakuwa ngapi.

Na T2, kundi la watumiaji wakubwa, siyo kimbilio kama watu wanavyodhani. T2 ni 195 kwa uniti, lakini kuna 15,004 kwa kila kVA ya kilele, yaani mzigo wa juu kabisa wa mwezi, na 14,233 ya huduma. Karakana ya uniti 8,000 yenye kilele cha kVA 60:
T1: 2,336,000.
T2: 1,560,000 na 900,240 na 14,233, jumla 2,474,473.

T2 inazidi. Kilele kikishuka hadi kVA 45 inakuwa 2,249,413, ndipo nafuu inaonekana. Kanuni ya haraka: kila kVA moja ya kilele iwe imefanya kazi zaidi ya saa 155 kwa mwezi, chini ya hapo T2 inakula hela.

#26 hesabu_tupu
Hapo ndipo kapasita zinaingia. Mota za mashine bila kapasita mara nyingi zipo kwenye 0.8 ya power factor, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli. Kilowati 48 ni kVA 60. Ukifunga benki ya kapasita ya kVAr 20 unafika 0.95, kVA zinakuwa 50.5, unaokoa karibu 142,500 kila mwezi kabla ya kodi. Usifunge kubwa kuliko hiyo bila kidhibiti cha kujizima, maana usiku mota zikiwa zimezimwa kapasita zinapandisha voltiji na kuunguza taa. Na usiwashe mota kubwa mbili ndani ya dakika moja, kilele kinapimwa kwa wastani wa dakika chache na kikishaandikwa kinakaa mwezi mzima.

#27 mashine_ya_kusaga
Asante. Swali langu la nani anafidia limebaki.

#28 Fumba_Unguja
Assalaam alaykum. Nimeona mtu kwenye uzi mwingine ameandika EWURA ndiyo inapanga bei ya Zanzibar. Siyo. Huku ni ZURA na muuzaji ni ZECO. ZECO ananunua kwa jumla kutoka TANESCO, akiwa kwenye kundi la msongo mkubwa la T3, kupitia waya wa chini ya bahari wa kilovoti 132 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba ina waya wake kutoka Tanga. Kwa hiyo mnapogombana juu ya nani anafidia nani, kumbukeni na sisi tumo kwenye mzani huo: bei ya T3 ikipanda, ZURA haina namna ila kuipeleka kwa wananchi au serikali ibebe.

#29 MsomaGazeti
Waalaykum salaam. Sahihi kabisa.

Kuhusu fidia, mashine_ya_kusaga ana haki kwa sehemu. Ila mzigo wa miaka ya nyuma haukuletwa na D1. Uliletwa na mikataba ya kapasiti chaji, ambapo mtambo unalipwa hata ukiwa umezimwa. IPTL ilisainiwa 1995 kwa megawati 100 za mafuta mazito pale Tegeta, na mgogoro wa bei yake ulifika hadi usuluhishi wa kimataifa. Ukame wa 2006 ukaleta mitambo ya dharura. Maskini wa uniti 75 hakuwa kwenye mikataba hiyo.

#30 bwawa_rufiji
Ndiyo maana nasema bwawa libadilishe bei.

#31 Mama_Umeme_Iringa
Mikataba ya zamani imepita. Ya sasa ni waya. Kaskazini ni mfano mzuri: umeme upo kusini, walaji wapo Arusha na Kilimanjaro, na njia ni ndefu. Ndiyo maana njia ya kilovoti 400 ya Isinya hadi Singida inayotuunganisha na Kenya ina maana hata kwa nchi yenye ziada. Kusafirisha mbali kunapoteza, na anayelipa kilichopotea ni mlaji.

#32 Stima_Kisumu
Uganda wana kitu mnachokitafuta. ERA, mdhibiti wao wa umeme, wameweka ngazi: uniti 15 za kwanza ni nafuu, kisha bei ya kawaida hadi 80, halafu 81 hadi 150 bei inashuka tena, na wameiita wazi bei ya kupikia. Ukizidi 150 inapanda. Mtu hahamishwi kundi kwa kupika, kupika kumewekewa ngazi yake.

#33 Kilovoti33
Hii ndiyo nilikuwa naitafuta. Tuiweke kwa D1 yetu: 0 hadi 75 kwa 100, 76 hadi 150 kwa mfano 180, zaidi ya hapo 350. Mtu wa uniti 120 angelipa 7,500 na 8,100, jumla 15,600. Kwa T1 ya sasa analipa 35,040.

#34 mashine_ya_kusaga
Na pengo la 19,440 analipa nani? Bado hamjanijibu.

#35 hesabu_tupu
Inategemea angekuwa anatumia ngapi bila ngazi hiyo. Kama angejibana kwenye 75 ili asihame, shirika lingepata 7,500 tu kwake. Akitumia 120 linapata 15,600. Pengo lipo kwa yule ambaye tayari yupo T1 akipika, siyo kwa yule anayekwepa umeme leo. Wangapi wapo upande upi, hiyo ni takwimu ya manunuzi ya LUKU, na mwenye nayo ni shirika.

#36 jua_la_dodoma
Na mwenye sola? Kuna kanuni za kupimiana umeme tangu 2018, nimefunga paneli za kilowati 3, mchana nina ziada. Nikiiachia irudi kwenye laini si napunguza uniti?

#37 fundi_mita
Usifanye hivyo mkuu! Mita nyingi za LUKU haziwezi kurudi nyuma. Umeme ukitoka kwako zinauhesabu kama umeutumia, unalipia ziada yako mwenyewe. Mpaka uwe na mkataba na mita ya pande mbili, weka inveta kwenye hali ya kutorudisha, na pika mchana. Presha ya wati 1,000 inabebwa na paneli zako bila kugusa uniti.

#38 Stima_Kisumu
Kanuni zetu za 2024 unarudishiwa nusu: uniti moja ukiipeleka, unapewa mkopo wa nusu uniti.

#39 jua_la_dodoma
Shukrani fundi, nazima leo hii.

#40 mpangaji_mbagala
Nimehesabu mpepeso kama #23 alivyosema. Breka zote zimezimwa, taa bado inapepesa kila sekunde 20. Mita imeandikwa 1000. Hizo ni wati 180 za nani?

#41 fundi_mita
Usiguse chochote kabla ya breka kuu, hapo nyaya zina umeme hata ukiwa umezima. Hesabu tena saa nane usiku na saa nne asubuhi. Ikibadilika ni mtu, isipobadilika ni mvujo. Weka majibu hapa, na useme mita yako iko D1 au T1.